Dawa ya Kitonga

1

Obadia Nyagawa aliingia gereji kwa miguu yake mwenyewe, na ndiyo maana dada yake Yustina hakumtambua. Alikuwa ameinamia benchi, na kwa miaka miwili masikio yake yalizoea kusikia miguu minne ikija pamoja: ya Obadia, na ya mkewe Skola pembeni yake, hatua kwa hatua, kwa kuwa mrija uliowaunganisha haukuzidi mita mbili. Leo ilikuja miwili tu. Upepo wa Makambako ulitangulia mlangoni, ukapeperusha unga wa chuma mezani, na Yustina akainua kichwa.

"Kamwene, dada."

"Kamwene, Oba. Umekuja na nani?"

Swali la kijinga, na alijua ni la kijinga hata kabla halijamaliza kumtoka.  Obadia aliweka mfuko juu ya benchi, akatoa kopo la chuma lenye ukubwa wa kopo la maziwa ya unga, mkanda wake wa ngozi ukining'inia, mrija wake umeviringishwa. Mtu alikuwa ameuvisha mrija ule soksi ya sufu, ya kijivu, iliyokatwa ncha. Yustina hakuwahi kuiona soksi hiyo. Kila walipokuja kukaguliwa mrija ulikuwa mtupu.

"Konveta yetu," Obadia akasema. "Nataka uigeuze. Mimi nisukume, Skola apokee. Na nataka nguvu ileile uliyonipa mimi, dada. Usinipunguzie hata chembe."

"Daktari anasemaje?"

"Anasema mikono na miguu yote imezima, imebaki sauti. Mishipa ya fahamu ya shingoni imepikwa. Neno lake ni hilo, imepikwa, utadhani tunazungumzia maharage. Nikamuuliza imepikwa na nini, akasema labda homa." Obadia akavuta kigoda akakaa, na hata katika kukaa kule ulionekana ugeni wa mtu ambaye magoti yake amerudishiwa juzijuzi. "Analala tu anaangalia dari. Jana kaniuliza hii dari tuliipaka rangi mwaka gani. Mimi nilikuwa hivyo hivyo, dada. Yeye ndiye aliyenitoa pale. Sasa ni zamu yangu."

Yustina hakukaa. Alilitazama lile kopo, akatamani lisifunguliwe milele.

Wateja walipomuuliza konveta ni nini, hakuwapa maneno ya vitabuni. Aliwapa habari ya uji. Ukikoroga uji wa msibani, wa sufuria kubwa, kwa mwiko mmoja, mwiko wa pili uliosahauliwa mle ndani nao utaanza kuzunguka, ingawa hakuna aliyeushika. Basi gari la oto, la gia zinazojibadilisha zenyewe, lilikuwa hivyo. Injini ilikoroga mafuta kwa feni ya kwanza, mafuta yakazungusha feni ya pili, na feni ya pili ikaenda kuzungusha gia na magurudumu. Feni hizo mbili hazikugusana. Ndiyo maana gari liliweza kusimama kwenye taa nyekundu na injini ikaendelea kunguruma bila kuzimika: mwiko wa pili umeshikwa, wa kwanza unaendelea na shughuli zake.

Kazi hiyo aliirithi kwa baba yao, enzi malori ya barabara kuu yalipokuwa bado na madereva wa kutukanana nao. Siku hizi malori yanapita yenyewe, kimya, hayasimami hata kunywa chai. Giaboksi zilikwisha, na mafundi wake wangebaki kupiga soga kama si watu wa hospitali kukwama. Walikuwa wamejifunza kuhamisha nguvu ya mishipa ya mtu mzima kwenda kwa aliyepooza, lakini kila walipowafunga wawili moja kwa moja, mmoja akijikwaa wote walianguka, na mmoja akishtuka mwenzake alitetemeka mpaka jioni. Walihitaji kitu cha kukaa katikati, ambacho mmoja anaweza kusimama na mwingine akaendelea. Kitu hicho mafundi wa Makambako walikuwa wakikifungua na kukifunga kila siku ya Mungu. Badala ya mafuta likawekwa ute ulio hai, unaopeleka nguvu na kurudisha hisia. Msukumaji akabeba kopo mgongoni, chini ya shingo, na mpokeaji akavaa kola upande wa pili wa mrija. Nguvu ni ya msukumaji, nia ni ya mpokeaji.

"Dada, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Mbona hulifungui?"

2

Kuna jambo ambalo mafundi wa zamani hawakumwambia mteja, na Yustina aliliona kwa baba yake akiwa bado anashika tochi.

Kati ya zile feni mbili hukaa kipande kidogo kinachoitwa steta. Mafuta yakishapiga feni ya pili hurudi yakiwa yamegeuka, na yakiachwa hivyo yataipiga feni ya kwanza usoni na kuichelewesha. Steta husimama imara njiani, inayageuza, yanarudi yakisukuma kutoka nyuma. Hapo nguvu inazidi, karibu mara mbili, na gari linaondoka mlimani bila kulia. Lakini feni ya pili ikishapata mwendo, steta lazima iachie, izunguke pamoja na wenzake. Kwa hiyo imewekewa klachi ya upande mmoja: ukiizungusha huku inakataa, ukiizungusha kule inakubali. Ubora wake wote uko katika kujua lini ikatae na lini ikubali.

Klachi hiyo ilipolika, gari lilikosa nguvu. Mteja angekuja analalamika kwamba kalala nusu ya mlima wa Kitonga na abiria wamesukuma. Kipuri hakipo, mteja ana haraka. Fundi angefungua, angechukua weldi, na kuichoma steta isizunguke kabisa, si huku wala kule. Waliiita dawa ya Kitonga. Gari lilipanda mlima likiimba, mteja akapiga simu kushukuru. Joto lilikuja baadaye, kwenye tambarare za mbele, steta inapotakiwa kuachia na haiwezi, mafuta yanaungua, giaboksi nzima inanuka. Lakini huko gari lilikuwa mikononi mwa fundi mwingine, na fundi mwingine ndiye aliyetukanwa.

Klachi ya konveta ya Obadia ilikufa mwezi wa nne tangu afungiwe. Kipuri kingechukua miezi. Obadia alikuwa ndiyo kwanza ameanza kushika kijiko mwenyewe, na alipoambiwa atarudi kitandani alilia mbele ya watu, mwanaume mzima, mdogo wake wa pekee. Yustina hakuvumilia. Alifunga mlango wa gereji, akawasha weldi ndogo, akachoma. Ni kwa muda tu, alijiambia. Kila aliyewahi kutoa dawa ya Kitonga alijiambia hivyo hivyo.

Matokeo yalimshangaza hata yeye. Ute ulio hai si mafuta. Steta ilipokataa kuachia, ute uliendelea kuzidisha nguvu bila kukoma. Obadia aliyekuwa akivuta mguu alianza kutembea. Jumapili ya Matawi alipanda ngazi zote za kanisa la kilimani, na kwaya ikasimama kumpigia makofi, naye akaingia kwenye mstari wa besi akaimba kama hajawahi kuugua. Skola alikuwa mita mbili pembeni yake, amejifunga kitenge mabegani. Kitenge kilikuwa kinachuruzika maji, na watu walidhani ni jasho la furaha. Ukweli ni kwamba alikuwa akikilowesha kila saa moja kwenye bomba la nyuma ya kanisa.

"Wifi," alimwambia Yustina siku hiyo, kwa sauti ya chini, "hili kopo linapata moto."

Na Yustina akamjibu jibu lilelile ambalo baba yake aliwajibu madereva.

"Ni la mwanzo hilo, wifi. Litazoea."

Skola aliamini. Kwa nini asiamini? Fundi ndiye aliyesema.

Kipuri kilifika mwaka uliofuata, mwezi wa Mei. Yustina alikitia kwenye droo ya benchi, kikiwa bado kwenye karatasi yake, akasema atakifunga baada ya mavuno, Oba asije akalazwa wakati wa kazi. Baada ya mavuno akasema baada ya harusi ya binti wa mchungaji, kwa kuwa kwaya ilimtegemea. Sababu hazikukosekana. Kikifungwa, Obadia angepata nguvu ya haki yake tu, na nguvu ya haki yake ilikuwa ya kuvuta mguu. Yustina hakuwa na moyo wa kumshusha mtu ngazi ambazo yeye mwenyewe amempandisha. Mishipa ya Obadia ilizidi kuamka kwa kule kutembezwa, mpaka siku moja akavua kola na kusimama peke yake. Wiki ya tatu baada ya hapo, Skola aliamka akashindwa kutoa mkono ndani ya blanketi.

Wanasema majuto ni mjukuu. Yustina hakuzaa, lakini huyo mjukuu alimpata, tena alihamia naye kabisa.

3

"Nitalifungua," Yustina akasema. "Ila nataka ushike wewe."

Obadia alikuwa fundi wa magari kabla ya kiharusi, hakuhitaji kuelekezwa. Alishikilia kopo huku dada yake akilegeza parafujo sita, mfuniko ukatoka na harufu. Harufu ile kila fundi wa giaboksi anaijua: ya kitu kilichoungua kikaachwa, kikaungua tena. Ute uliotakiwa kuwa na rangi ya asali ulikuwa mweusi. Obadia akanusa, akaendelea kulishikilia kopo.

Yustina aliingiza vidole viwili, akatoa steta. Haikuzidi sarafu kwa ukubwa. Alikuwa amepanga maneno tangu Skola alazwe, maneno mengi tena mazuri, yenye kipuri kilichochelewa ndani yake na huruma ya dada. Yote yalimkimbia. Akakiweka kile kipande kwenye kiganja cha mdogo wake.

"Zungusha."

Obadia aliishika kwa vidole viwili, akaizungusha kulia. Ikakataa. Akaizungusha kushoto. Ikakataa. Akajaribu tena kulia, polepole, kisha kushoto, kisha akaipeleka kwenye mwanga wa mlangoni na kuona kovu dogo la weldi pembeni.

"Nani kachoma?"

"Mimi."

"Lini?"

"Mwezi wa nne tangu nikufungie. Ulipolia."

Lori lilipita barabarani, halafu lingine, mabati ya gereji yakatetemeka. Yustina alingoja apigwe, au atukanwe, na angeshukuru kwa lolote kati ya hayo. Obadia aliketi tena kwenye kigoda. Akaokota mrija kutoka benchi, akaanza kuvua ile soksi ya kijivu, taratibu, akaikunja mara mbili na kuilaza gotini.

"Hii ni ya kwangu," akasema. "Mrija ulikuwa unanichoma hapa, ubavuni. Ute ulikuwa unafika kwangu wa moto. Nikauvisha soksi."

Yustina alimtazama bila kuelewa, kisha akaelewa.

"Ulijua?"

"Fundi gani asiyejua joto lile, dada? Nimezaliwa kwenye gereji hii. Moto wa kwangu ulikuwa wa kuvumilika kwa soksi. Nikajua wa kwake ni zaidi." Akaigusa ile soksi gotini. "Nilikuwa navua soksi kila tukija kwako, usije ukaiona, ukafungua, ukarekebisha. Nilikuwa natembea. Nikasema, nipande ngazi za kanisa mara moja tu. Halafu mara moja nyingine."

"Nami nilikuwa naogopa uniulize."

"Na mimi naogopa unijibu."

Walikaa hivyo, watu wawili waliompenda mwanamke mmoja, na wote wawili walimnyamazia. Yustina alijisikia vibaya zaidi kuliko alipokuwa na dhambi hiyo peke yake. Alikuwa ametarajia kwamba akisema ukweli angalau mmoja wao atabaki msafi.

Obadia akainuka. Aliiweka steta katikati ya benchi, juu ya bamba la kuchomelea.

"Iache hivyo hivyo," akasema. "Badilisha ute, safisha kopo, lakini steta iache na weldi yake. Mimi nina nguvu nusu tu, unajua. Ukiweka steta nzima, isiyochomwa, Skola atapata nini kutoka kwangu? Kidole. Ukiiacha hii atasimama. Atatembea. Joto nitalibeba mimi, na sitalalamika. Ninastahili."

"Utapikwa."

"Nipikwe."

Yustina alivuta droo. Kipuri kilikuwa pale, kwenye karatasi yake ya nta, miezi minane. Hapa ndipo alipoelewa kwamba anaulizwa swali lilelile la mara ya kwanza, na mdomo wake ulikuwa tayari kujibu vilevile: mtu mmoja anaungua, mwingine anasimama, na sababu ni nzuri. Safari hii anayeungua ametaka mwenyewe, tena ana deni la kuungua. Ingekuwa haki. Skola angetembea hadi bombani, angechota maji yake mwenyewe. Mkono wa Yustina ulikwenda kwenye steta ya zamani, ukakaa juu yake, ukarudi.

"Mara ya kwanza tulipanga mambo ya mwili wa Skola bila Skola," akasema. "Chukua zote mbili. Twende kwake."

4

Skola alikuwa amelazwa kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao, ambako jua la mchana linaingia, akiwa ameegemezwa mito mitatu. Alitabasamu alipomwona wifi yake na kopo mkononi.

"Jamani, wamekuja mafundi wa umeme," akasema. "Mnisamehe sinyanyuki kuwakaribisha."

Yustina alikuwa ameshuhudia watu wakisema ukweli kwa kuuzungushia maua, na aliona akifanya hivyo hatamaliza. Alisema yote akiwa amesimama: weldi, mwezi wa nne, kipuri kwenye droo, na lile neno litazoea. Obadia akasema ya soksi. Hakuna aliyemtetea mwenzake.

Skola aliwasikiliza akiangalia dari yake. Walipomaliza, kwa kuwa hakuweza kugeuka wala kuficha uso, walilazimika kuyaona machozi yakimshuka mpaka masikioni, na Obadia aliposogea kuyafuta akamwambia, "Acha."

Obadia akaacha.

"Kwa hiyo mlijua wote wawili."

"Ndiyo, wifi."

"Mimi nilidhani ni mimi," Skola akasema. "Nilidhani mwanamke mwingine angembeba mumewe bila kulalamika. Usiku nikilia kwa maumivu nilikuwa naomba msamaha kwa Mungu, kwamba upendo wangu ni mdogo. Kumbe ni kachuma."

 Yustina akaweka steta mbili juu ya blanketi, pembeni ya mkono usiosogea, akaeleza. Hii ya zamani utasimama nayo, labda utatembea, na Oba ataungua. Hii mpya ni salama, na kwa nguvu aliyonayo Oba itakupa mkono mmoja, tena si kila siku.

"Chagua ya kwanza," Obadia akasema. "Skola, nakuomba. Niache nilipe."

"Ukishapikwa na wewe, nani atanigeuza kitandani? Huyu?" Skola akamwonyesha Yustina kwa macho. "Mlipata raha ya kuhurumiana bila kuniuliza, sasa mnataka na raha ya kuungua. Wekeni nzima."

Yustina alilitengeneza kopo palepale, juu ya meza ya chai. Aliosha, akamimina ute mpya, akaingiza kipuri na kukizungusha kwa kidole: huku kilikataa, kule kilikubali, laini kabisa. Akasukuma feni mahali pake huku akizungusha, kama alivyofundishwa. Konveta huketi kwa milio mitatu, na fundi mwenye haraka hufunga baada ya wa pili. Tak. Tak. Alingoja, akazungusha kidogo, akangoja tena. Tak. Chumba chote kilisikia.

Obadia alifungwa kopo mgongoni, chini ya shingo, akaketi ukingoni mwa kitanda akiwa amempa mkewe mgongo. Yustina alimvisha Skola kola, akaunganisha mrija mtupu, bila soksi, akafungua vali. Dakika nzima haikutokea kitu. Halafu kidole cha shahada cha mkono wa kulia kikajikunja, kikajinyoosha, na vingine vikafuata. Mkono ukainuka kutoka kwenye blanketi, ukitetemeka, ukateremka, ukainuka tena. Obadia hakuweza kuona. Alikuwa amefumba macho, akisukuma kwa nguvu zake zote chache.

Yustina alidhani mkono ule utakwenda usoni ukafute machozi. Ungekuwa na haki pia ya kumpiga mtu kofi. Ulikwenda polepole mpaka mgongoni kwa Obadia, ukapapasa mkanda, ukalifikia kopo, na kiganja kikalala juu yake wazi, kikatulia.

"Bado la baridi," Skola akasema.

Hakuondoa kiganja.

"Wifi, vuta kiti ukae. Likianza kupata moto nitasema, na nikisema, hakuna wa kuniambia litazoea."

Yustina akavuta kiti, akakaa.